Fomu ya Ijumaa jioni

Kwa wakuu wa vyuo vya tiba, wakurugenzi wa hospitali za kufundishia, na ninyi nyote mnaogawa mafungu ya utafiti.

Waheshimiwa,

Naanzia saa tisa usiku, maana hiyo ndiyo saa ambayo kazi yenu na yangu hupewa maksi.

Wodini kuna mtoto wa miaka minne, homa siku ya tatu, shingo imekakamaa. Dozi ya kwanza ya antibiotiki imeshaingia na sasa tunahitaji maji ya uti wa mgongo. Daktari mtarajali niliye naye zamu amevaa glovu, mtoto amelazwa ubavu, muuguzi amemkunja hadi magoti yanagusa kifua. Kijana anapitisha kidole gumba kutoka kilele cha mfupa wa nyonga kwenda katikati ya mgongo, anahesabu pingili, anasita, anarudi nyongani, anahesabu upya. Mara ya tatu ananitazama. "Dokta, ni hapa au hapa chini yake?"

Nikamuuliza kwa sauti ya chini sindano inapita tabaka zipi. Akazitaja zote kwa mpangilio, kuanzia ngozi hadi ndani, kama anayezisoma ukutani. Mkono ukabaki palepale. Ikabidi glovu nivae mimi. Mtoto alipona, na hilo namshukuru Mungu na yule muuguzi.

Miezi minane kabla ya usiku huo, kijana huyohuyo alihudhuria mafunzo yetu ya siku moja ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mihadhara, mchana mazoezi kwenye mgongo wa plastiki, kila mmoja na zamu yake mpaka sindano idondoshe tone. Saa kumi jioni tukagawa fomu. Mwalimu alieleweka? Vifaa vilitosha? Kwa ujumla umeridhika? Zungushia 1 hadi 5. Fomu zile nilizijumlisha mwenyewe, na hakuna aliyezungushia chini ya 4. Nikaandika ripoti kwamba mafunzo yamefana. Ripoti ikapanda ngazi hadi kwenye ofisi kama zenu, ikagongwa muhuri, na fungu la mwaka uliofuata likatoka.

Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyesimama nje akirusha mawe. Ripoti ile ina saini yangu. Nilichogundua saa tisa usiku ni kwamba tuliuliza siku isiyofaa, swali lisilofaa, kisha jibu tukalipeleka kwa wenye kuamua, nao wakaamua kwa nia njema kabisa.

Mtu akiwaletea dawa mpya, mnajua cha kumuuliza. Ililinganishwa na nini? Wagonjwa wangapi? Walifuatiliwa kwa muda gani? Akijibu kwamba wagonjwa waliifurahia ladha yake, mtamfungulia mlango atoke. Lakini njia mpya ya kumfundisha mtu atakayeiandika dawa hiyo kwa miaka thelathini hupita kwenye vikao vyetu kwa hoja hiyohiyo ya ladha. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mjumbe mmoja anasema wanafunzi wameupenda mfumo, mwingine anasema alipokuwa chuoni walisoma kwa taabu na wakawa madaktari wazuri, mwenyekiti anatazama saa, tunapiga kura.

Si kwamba elimu hii haipo. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha namna mpya ya kumtahini mwanafunzi wa tiba: azunguke vituo kadhaa, kila kituo kazi yake, wote wapimwe kwa orodha ileile, ili mtihani usitegemee bahati ya kupangiwa mgonjwa mwepesi au mtahini mkali. Mwaka 1990 George Miller alichora piramidi yake ya ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akifanya, anafanya kazini. Kijana wangu wa saa tisa alikuwa imara kwenye ngazi mbili za chini. Ngazi ya tatu aliifikia Ijumaa mchana, kwa saa chache, akashuka bila mtu kumwona akishuka. Na fomu yetu haikuwa hata kwenye ngazi ya kwanza. Ilikuwa imesimama kando ya piramidi, inauliza kama mandhari yanapendeza.

Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye uzito wa barua yangu. Wengi wenu mnaweza kusema: sawa, fomu ya kuridhika ni kipimo dhaifu, lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Mimi nasema inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa, kwa sababu mara nyingi inaelekeza upande wa pili.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi. Kundi moja liliyasoma mara nne. Kundi jingine liliyasoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika kila lilichokumbuka, bila kurudi kwenye karatasi. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka 83%, wenzao 71%. Baada ya wiki moja meza ikapinduka. Waliosoma tu walibaki na 40%, waliojipima walibaki na 61%. Na kabla ya kuondoka, walioamini watakumbuka vizuri zaidi ni wale waliosoma mara nne. Hebu wapeni watu hawa fomu yetu saa kumi jioni. Njia mbovu itashinda, na ushindi huo utaingia kwenye ripoti.

Mwaka 2019 jambo la namna hiyo lilijitokeza kwenye madarasa ya fizikia pale Harvard. Wanafunzi waliopewa kazi ya kukokotoa wenyewe darasani walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Hilo linaeleweka. Kujifunza kwa kweli kunachosha. Unakosea, unaona aibu, unahisi mzito. Mhadhara mzuri unateleza kama maji, na msikilizaji anachukulia wepesi wa mzungumzaji kuwa wepesi wake yeye.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tumefanya zaidi: tumemwekea mgema fomu ya sifa, tukampandisha cheo kwa fomu hiyo, kisha tunashangaa tembo. Mhadhiri anayewauliza wanafunzi maswali mpaka jasho linawatoka hupata 3. Anayegawa madesa safi na kumaliza mapema hupata 5. Mimi mwenyewe nilikuwa na mhadhara wa slaidi tisini kuhusu degedege, na nilikuwa nikipigiwa makofi.

Mtasema hao ni wanafunzi wa matini na fizikia, madaktari ni watu wengine. Mwaka 2009 Douglas Larsen, Andrew Butler na Roediger waliwachukua madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto na wa tiba ya dharura, wakawafundisha mada mbili. Mada moja daktari aliipitia tena kwa muhtasari, nyingine alipimwa kwa maswali, kwa mtindo huo mara tatu ndani ya mwezi. Baada ya miezi sita wakapewa mtihani: kwenye mada waliyopimwa walipata 39%, kwenye mada waliyoisoma 26%. Tazameni tarakimu hizo mbili kwa makini. Tofauti ni kubwa, ndiyo, lakini hata kwenye mada waliyoikumbuka vizuri zaidi wamebaki na chini ya nusu. Miezi sita! Na kijana wangu alikuwa na minane.

Sasa turudi kwenye Ijumaa yetu, maana kuna utafiti mmoja ambao nikiukumbuka bado unaniuma. Mwaka 2006 Carol-Anne Moulton na wenzake wa Toronto waliwafundisha madaktari 38 wanaosomea upasuaji namna ya kuunganisha mishipa midogo ya damu chini ya hadubini. Wote walipewa vipindi vinne vilevile. Nusu walivipata vyote siku moja, nusu walipata kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadaye, waliotandaziwa vipindi walifanya kazi bora kuliko waliobanwa siku moja. Muda uleule wa mafunzo, vipindi vilevile, matokeo tofauti. Kilichobadilika ni kalenda.

Nilipousoma, nilichukua ratiba yetu nikaitazama. Kwa nini sisi tunabana yote Ijumaa? Nikauliza. Jibu nililopewa ni kwamba ukumbi hupatikana Ijumaa. Basi, ndiyo sababu. Hakuna aliyekaa akafikiri namna mkono wa binadamu unavyohifadhi kazi. Tulifuata ufunguo wa ukumbi.

Kwa wale wenu mnaoshika fedha na mnaotaka kuona mgonjwa kwenye hesabu, huyu hapa. Jeffrey Barsuk na wenzake wa Chicago walitaka kupunguza maambukizi ya damu yanayotokana na katheta, yaani mirija inayoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwa wagonjwa mahututi. Waliweka sharti moja: daktari mwanafunzi hamgusi mgonjwa mpaka afaulu kwenye kifaa cha mfano, kwa orodha ya hatua, na asipofaulu anarudia mpaka afaulu. Aliyechukua siku moja na aliyechukua siku nne wote wanaishia kwenye kiwango kilekile. Ripoti yao ya 2009 inaonyesha maambukizi kwenye kitengo hicho yalishuka kutoka 3.2 hadi 0.5 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na katheta. Hawakumuuliza mtu kama ameridhika. Walihesabu damu iliyoota bakteria.

Mwaka huohuo David Asch na wenzake walifuata jambo hili mbali zaidi. Walichukua kumbukumbu za uzazi karibu milioni 4.9 katika majimbo mawili ya Marekani, Florida na New York, wakauliza: daktari aliyezalisha alisomea ubingwa wapi? Wakapanga programu za mafunzo kwa matatizo yaliyowapata wazazi. Wanawake waliozalishwa na madaktari waliotoka programu za mkiani walipata matatizo makubwa kwa 13.6%, waliozalishwa na waliotoka programu za juu, 10.3%. Ni kusema daktari anaondoka na wodi aliyolelewa, anaibeba miaka na miaka, na mama asiyejua hata jina la chuo hicho ndiye anayelipa.

Lazima pia niseme kinyume chake, la sivyo nitakuwa nawauzia mbuzi kwenye gunia. Si kila jipya ni zuri. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza mwaka 1969 kufundisha tiba kwa vikundi vidogo vinavyochambua tatizo la mgonjwa badala ya mihadhara, na mfumo huo ukaenea duniani kote. Ulipokuja kulinganishwa na ule wa zamani, wanafunzi waliupenda zaidi, lakini kwenye mitihani ya maarifa hawakuwapita wenzao kwa lolote la kutangaza. Mimi naupenda mfumo huo na ninaufundisha. Ila kupenda kwangu si ushahidi, na vyuo vingi vilibomoa mitaala mizima kabla ushahidi haujafika. Hali ni hiyohiyo leo kwa video, kwa miwani ya kuona wodi ya kubuni, kwa programu za kompyuta zinazojibu maswali ya mwanafunzi kabla hajamaliza kuuliza. Muuzaji atakuja na fomu za kuridhika zimejaa 5. Mnajua sasa cha kumuuliza.

Nigeukie upande wetu, sisi tunaojiita watafiti wa elimu ya tiba, maana nasi tuna madoa. Mwaka 2008 David Cook, Georges Bordage na Henk Schmidt walipitia majaribio 105 ya elimu ya tiba yaliyochapishwa. Asilimia 72 yaliuliza tu: je, mbinu hii inafanya kazi? Ni 12% yaliyojaribu kueleza kwa nini inafanya kazi, na kwa nani. Na mara nyingi ukisoma ndani unakuta kisa kilekile: mwalimu kabuni somo, kalifundisha mwenyewe, kawapima wanafunzi wake siku hiyohiyo, kawalinganisha na watu ambao hawakufundishwa chochote. Ukimfundisha mtu kitu atakijua kuliko asiyefundishwa. Hilo halihitaji jarida.

Lakini ulizeni kwa nini tunafanya hivyo. Tunaandika utafiti huu saa nne usiku, baada ya kliniki, bila msaidizi, bila senti. Darasa letu moja lina wanafunzi wachache mno kutoa jibu, na kuunganisha vyuo vitano kunahitaji barua za wakuu watano, kamati za maadili tano, na mtu wa kufuatilia. Kumfuata daktari mtarajali miezi minane baadaye ni kazi ngumu zaidi: ameshahamia wodi nyingine au hospitali nyingine, na nambari yake imebadilika. Anayechunguza figo hupewa maabara. Anayechunguza namna daktari wa figo anavyojifunza huambiwa, hivi wewe utafiti wako halisi utaanza lini? Nimeambiwa hivyo mbele ya wanafunzi wangu, na mzee ninayemheshimu. Nilicheka, kwa sababu sikujua la kufanya.

Kuna jambo jingine ambalo halina mjadala kwangu, nalo ni mwanafunzi mwenyewe. Tukimwomba ashiriki utafiti, anayeomba ni yuleyule anayemsahihishia mtihani. Atakataaje? Nimeona fomu za ridhaa zikigawiwa na mkuu wa idara, dakika kumi kabla ya mtihani wa mdomo, na wote wakasaini. Hiyo si ridhaa. Anayekusanya ridhaa awe mtu asiye na kalamu ya maksi. Majibu yasiingie kwenye faili la mwanafunzi, yasifike kwa mlezi wake, na anayejitoa asiulizwe sababu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulikuta zaidi ya robo ya wanafunzi wa tiba wana dalili za sonona. Hawa ndio tunaotaka kuwapima mara kwa mara. Tukiwapima kwa vitisho tutapata takwimu za woga.

Najua mtakachojibu kwanza: wodi zimejaa, wakufunzi hawatoshi, madaktari watarajali wenyewe hawalali. Kweli tupu; kijana wangu usiku ule alikuwa macho tangu asubuhi ya jana yake, na sijui ni kiasi gani cha kusita kwake kilikuwa usingizi. Lakini hata hilo la usingizi watu walilipima. Kwenye vitengo vya wagonjwa mahututi huko Boston, Christopher Landrigan na wenzake walilinganisha ratiba ya kawaida yenye zamu ndefu na ratiba iliyofupishwa. Walichapisha mwaka 2004: kwenye ratiba ndefu madaktari watarajali walifanya makosa makubwa kwa takriban 36% zaidi. Mjadala wa saa ngapi zinafaa haujaisha mpaka leo na majaribio ya baadaye yameuchanganya, ila angalau huko watu wanabishana wakiwa na tarakimu mkononi, hawabishani kwa "enzi zetu".

Ninachoomba kwenu kinaanzia kwenye fomu. Msiifute; mwanafunzi ana haki ya kusema ukumbi ulikuwa na joto au mwalimu alimtukana, na hilo la matusi ningependa lisomwe kwanza. Ila msiitumie tena kuamua mafunzo yapi yaendelee na mwalimu yupi apande cheo. Kila fungu mnalotoa kwa ajili ya mafunzo, zuieni sehemu yake, hata iwe ndogo, isitoke mpaka mtu awarudie washiriki baada ya miezi sita na kuwatazama wakifanya ile kazi. Mpangieni mwalimu saa za utafiti huu kwenye ratiba ya mchana. Wakuu wa vyuo wakubaliane kutumia kibali kimoja cha maadili kwa utafiti wa pamoja. Na matokeo yakiwa mabaya yachapishwe yakiwa mabaya. Mafunzo yangu ya Ijumaa yangekuwa makala nzuri sana ya kushindwa.

Hata kabla ya fedha, kuna jambo mnaloweza kuliruhusu wiki hii kwa saini moja. Orodha ya waliohudhuria Ijumaa ile ninayo, na wengi bado wako kwenye wodi zetu. Mgongo wa plastiki uko kabatini, ufunguo ninao. Dakika ishirini kwa kila mmoja zinatosha kuona kidole gumba kinatua wapi. Nusu yao tungewapa vipindi vifupi kila wiki kwa mwezi, kwa kura, nusu wangoje, kisha tuwatazame wote tena baada ya miezi sita, na mtazamaji asijue nani alikuwa kundi gani. Waliongoja nao tungewafundisha mara tu baada ya kipimo.

Kijana wa saa tisa nimeshamuuliza kama angependa kushiriki, nikamwambia kwamba anaweza kukataa. Alifikiri kidogo, akasema angependa, kwa sharti kwamba anayemtazama nisiwe mimi. "Awe mtu ambaye hakuwepo usiku ule, Dokta." Nimekubali. Nasubiri saini yenu.

Wenu katika kazi,
Daktari bingwa wa watoto na mkufunzi wa wodini